Namba Moja wa Darasa la Mtu Mmoja

Kwa miaka saba Temenuga alikuwa namba moja. Msije mkadhani ninamsifia bure. Kijijini kwao Borovka, juu kabisa kwenye milima ya Rodopi, darasa lake lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, naye ni yeye. Watoto wengine sita walikuwa wa madarasa ya chini, wakisomea chumba hicho hicho. Asubuhi Mwalimu Slavka akifungua daftari aliita, "Namba moja!" Temenuga akisimama akajibu, "Nipo!" mahudhurio ya darasa lake yamekwisha. Swali likiulizwa ni lake. Akipata mafua, darasa zima limeugua.

Mwaka huu aliingia la nane, na la nane ni mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, na kulala ni bwenini. Kiangazi kizima Mwalimu Slavka alimpa somo moja tu.

"Ingia kifua mbele, binti yangu. Usiangalie viatu. Ukiitwa, jibu mpaka ukuta usikie. Wakikuona mnyonge siku ya kwanza, utakuwa mnyonge miaka yote mitano."

Siku ya safari, kama ilivyo desturi yao, bibi yake aliweka ndoo ya shaba kizingitini, imejaa maji, na kitawi cha majani mabichi kinaelea juu. Temenuga aliipiga teke kwa mguu wa kulia, na maji yakatiririka mpaka getini.

"Yameenda mbali hayo!" bibi alishangilia. "Na mambo yako yatatiririka hivyo hivyo, mjukuu wangu."

Baba yake, mfuga kondoo asiye na maneno mengi, alisema tu, "Ukifika, nijue umefika."

Siku ya kufungua shule ilipita kwa maua na hotuba. Mlangoni mwa darasa palibandikwa orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na namba yake, na vichwa vikasongamana hapo kama nyuki. Temenuga hakujisumbua kusogea. Namba yake si anaijua tangu ana miaka saba?

Kesho yake, kipindi cha kwanza, mwalimu wa hesabu aliingia na simu yake ya kuandikia mahudhurio mkononi. Hakutazama mtu.

"Namba moja!"

Temenuga aliruka wima, kifua mbele. "NIPO!"

Ukuta ulisikia, tena vizuri. Ila kwenye dawati la mbele alikuwa amesimama binti mwingine, mrefu, amesuka nywele, naye kasema "nipo" yake ya kiasi. Wakatazamana.

"Adelina ni nani kati yenu?" mwalimu aliuliza.

"Mimi," alisema yule wa mbele.

"Na wewe?"

"Temenuga."

"Basi keti, Temenuga, usubiri zamu yako."

"Huyo kaja na namba yake kutoka nyumbani!" mvulana mmoja alipayuka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika, ndugu zangu, tena kabla ya saa yake, na hilo ndilo lililomponza. Aliketi masikio yakimwaka. Mbili, nipo. Tatu, nipo. Akatazama viatu vyake.

"Ishirini na tatu!"

Kidole cha mwalimu kikasubiri juu ya simu.

"Ishirini na tatu? Hayupo?"

Mwalimu akabonyeza simu, akaendelea mpaka ishirini na sita. Hapo ndipo Temenuga alipohesabu vichwa akaelewa kwamba asiyekuwepo ni yeye. Kuinua mkono tu kungetosha. Aliuona mkono wake pale juu ya dawati, akauamuru, nao ukakaa palepale kama wa mtu mwingine. Swali la kwanza la hesabu alilijua. La pili alilijua. Akayaacha yote mawili yapite.

Wakati wa mapumziko simu yake ililia. Baba.

"Uko wapi wewe? Nimeletewa ujumbe na shule kwamba hujaenda."

"Nipo, baba. Nipo shuleni."

"Kama upo, nani anasema hupo?"

"Wao."

Kwa mbali zilisikika kengele za kondoo. "Sasa si uwaambie?"

"Nitawaambia."

"Waambie, mwanangu. Mimi kutoka huku siwezi kukusemea." Akakata simu.

Mvulana mnene aliyeketi naye dawati moja alikuwa anatafuna mkate wa jibini. Jina lake Todor. "Wewe ndiye ishirini na tatu, sivyo?"

"Nadhani."

"Mimi ni ishirini na nne. Uliponyamaza nikaona kama ngazi imekatika chini yangu." Akamkatia kipande. Temenuga alikishika tu mkononi.

Kipindi cha pili alikuja mwalimu mwingine na simu nyingine. Temenuga alijiandaa. Kumi na tisa, akasogeza kiti nyuma. Ishirini na moja, alikuwa amekwisha kusimama, mapema mno tena, na macho yote yakamgeukia.

"Ishirini na tatu!"

Alifungua mdomo. Ile "nipo" aliyoitoa kila asubuhi kwa miaka saba alikuwa nayo. Haikutoka.

"Ishirini na tatu?"

Vicheko vilianza kuchemka upande wa dirishani. Temenuga alisimama, mdomo wazi, kipande cha mkate kikivunjika kiganjani.

"Yupo," alisema Todor kutoka ubavuni pake, bila kuinua kichwa. "Si huyu hapa amesimama."

"Ishirini na nne!"

"Nipo," akasema Todor.

Temenuga akaketi.