Muuzaji Asiyeonja

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu, na harufu yenyewe ni ya shayiri inayochemka. Niliinusa nikiwa nimejaa shaka, na mtu mwenye shaka hunusa sana. Siku hiyo nilishinda ndani ya kigari cha mizigo cha Papa Ilunga, tunazunguka kusini mwa mji huu wa Guangzhou, hapa China, na magotini nimepakata katoni ya korosho kama mtu aliyepakata mtoto katika nyumba ya wachawi.

Nakuhadithia kwa sababu jana uliniuliza swali nisilolipenda. Ulisema wiki ijayo unakwenda kuizungusha kahawa yako kwenye zile baa zinazojipikia bia, halafu ukashusha sauti: "Baba mdogo, watu wa kule ni waaminifu?" Swali hilo nililiuliza mimi kabla wewe hujaota ndevu. Basi kaa chini, chai itakuja.

Wakati huo nilikuwa na miaka michache tu katika mji huu. Nilinunua jinzi Xintang, viatu Zhanxi, na nilikuwa nimeshaumwa. Fundi mmoja wa Xintang alinionyesha suruali safi, mshono umenyooka, nikalipa. Kontena lilipofunguliwa Dar es Salaam zikatoka suruali za mguu mmoja mfupi na mwingine mrefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo nilimshuku kila mtu, hata msikitini nilivifunga viatu vyangu pamoja kwa kamba kabla ya kusali. Cheka, cheka tu, havikuibwa.

Mke wangu Zuhura alikuwa Mtwara. Wewe unajua jinsi korosho zetu zilivyozoea kusafiri ghafi, zikabanguliwe na wengine, zirudi madukani kwetu kwa bei ya kutisha. Zuhura jambo hilo lilimkera. Akakusanya kina mama wa mtaani kwake, wakawa wanabangua, wanakaanga kwa pilipili na ndimu, wanatia kwenye pakiti. Akanitumia katoni kadhaa ndani ya mzigo wa jamaa, pamoja na ujumbe wa sauti: "Mume wangu, nitafutie mtu mmoja tu huko anayezitaka. Ukimkosa, msimu huu tunauza ghafi kama wengine, na hawa kina mama nitawaambia warudi majumbani kwao." Alisema kwa upole. Ukimwona Zuhura anafoka, usijali. Akiwa mpole ndipo uogope.

Sasa huyu Papa Ilunga. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, amenizidi umri kwa miaka mingi, wakala wa kupitisha mizigo bandari ya Nansha. Hakosi misa ya Jumapili, bia anaipenda, na Kichina chake kinateleza kama mlenda. Nilipita ofisini kwake na pakiti moja, akala zote, akajipangusa vidole.

"Petit," akaniambia, maana Wakongo humwita hivyo mdogo wao, "hii kintu ni ya kula na bia. Kuko batu banapika bia yabo benyewe, fasi bidogo bidogo. Samedi nitakupeleka na motoka yangu."

Hakutaja malipo, na hapo ndipo shaka iliponipanda. Petroli yake, siku yake ya kupumzika, kwa faida ya nani? Nikajiambia, huyu ana chake. Atanipeleka kwa watu wake, watapanga bei kwa Kichina mbele ya macho yangu, na cha juu kitaingia mfukoni mwake.

Lingine lilikuwa la dini. Mimi sinywi, wala baba yangu hakunywa. Niliwaza sana kama ni sawa kuipeleka riziki ya mke wangu kwenye nyumba ya pombe, na sitakudanganya kwamba nililimaliza. Mpaka leo sijalimaliza. Ila nilijiwekea ahadi: nitaingia, nitauza, lakini sitagusa chao chochote. Si glasi, si sahani, si hata maji.

Basi Jumamosi tukatoka asubuhi. Wa kwanza alikuwa kijana wa Panyu mwenye michoro mikononi, matangi yake ya chuma yamepangwa nyuma ya kaunta, yanang'aa. Alitukaribisha vizuri, na hilo nalo nililishuku. Akamimina bia, akaisukuma mbele yangu, nikaifunika glasi kwa kiganja. Akaleta chai, nikatikisa kichwa. Nikamkabidhi pakiti yangu imefungwa vilevile, nikakunja mikono. Aliigeuza mbele na nyuma, akaifungua, akamwaga korosho kwenye kibakuli, akanisogezea. Sikula. Akaniangalia, akamuuliza Papa Ilunga jambo, Papa Ilunga akajibu kwa maneno marefu, wakacheka wote wawili. Mimi Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei na kukataa. Nilichokipata pale ni lile neno lao "zaishuo", yaani tutaongea siku nyingine. Kwa mfanyabiashara, neno hilo ni mlango unaofungwa kwa adabu.

Tuliporudi garini Papa Ilunga akasema, "Petit, kula kidogo mbele yabo. Batu banakuangalia."

Nikamjibu kwa kiburi cha ujana, "Papa, wazee wetu wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Bidhaa ni ya mteja, mimi si mlaji."

Aliguna tu, akawasha gari.

Wa pili alikuwa Shunde, mzee mwembamba aliyegeuza kiwanda cha zamani cha viti kuwa kiwanda cha bia. Mambo yakawa yaleyale. Glasi, kiganja, pakiti, mikono nimeikunja. Safari hii mzee yule hakuifungua kabisa. Aliinusa pembeni, akauliza, Papa Ilunga akajibu, wakacheka, na huyo mzee alipocheka alinitazama mimi. Nikasikia damu inanipanda masikioni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, na anayenila ndiye huyu anayeniendesha.

Njiani kuelekea Nansha nikashindwa kujizuia. "Papa Ilunga," nikamwambia, "hawa wanakupa kiasi gani? Sema tu. Kama bei mmeshaipanga na mke wangu ndiye wa kuliwa, niambie nishuke hapa."

Mwanangu, yapo maneno ambayo yakishatoka mdomoni unatamani kuyakimbilia uyarudishe. Papa Ilunga hakugomba. Aliingia pembeni, chini ya daraja la barabara kuu, akazima gari. Malori ya makontena yakawa yanapita juu ya vichwa vyetu.

"Unajua kile banacheka?" akaniuliza taratibu. "Ule wa kwanza alisema: huyu muntu ameleta chakula, juu ya nini yeye hakuli? Iko na sumu? Nikamwambia hapana, ni juu ya dini yake, anaogopa pombe mpaka anaogopa na sahani. Nikafanya blague, mzaha kidogo, akacheka, aibu ikaisha. Wa pili akauliza ileile. Na mimi nikarudilia blague ileile."

Akaendelea, bila kunitazama.

"Kwetu, mama akileta munkoyo, kinywaji ya mahindi, anakunywa yeye wa kwanza, kisha anakupatia. Batu bote banaona. Kwenu hamuna ile?"

Kwetu ipo. Bibi yangu wa Newala alikuwa fundi wa togwa. Mgeni akiingia, bibi anachota kwa kata, anapiga funda mwenyewe, anapangusa mdomo wa kata kwa kiganja, ndipo anampa. Hakuna mgeni aliyewahi kumwomba aonje. Nilikua nikiliona hilo kila siku, na bado nilizunguka nusu siku nikiwatolea watu chakula nisichokigusa, nikishangaa kwa nini hawakitaki.

"Unaogopa ya kwabo," akasema Papa Ilunga, "na bo banaogopa ya kwako. Sasa nani akule wa kwanza? Ni ule mwenye ameleta, donc."

Akawasha gari. Kuhusu lile la cha juu hakunijibu kitu, na kimya chake, nisikufiche, nilikishuku pia.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Nansha, makamo, mikono imejaa, kila mtu anamwita Laobanniang, yaani bi mwenye duka. Tulimkuta kwenye sufuria lake kubwa, anakoroga. Hapo ndipo harufu iliponikamata. Ilikuwa harufu ya kimea, mwanangu, ileile ya uwele wa bibi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa jina lake la utotoni.

Alituona, akatuuliza kama tutakunywa. Papa Ilunga akamwambia mimi sinywi. Yule mama hakucheka. Alichota kidogo kwenye chombo kilichokuwa kimepoa, akamimina vikombe viwili vidogo vya chai. Kimoja akakinywa mbele yangu, taratibu, macho yake usoni mwangu. Cha pili akanipa kwa mikono miwili.

Nilikinusa, nikamtazama Papa Ilunga.

"Haijakuwa bia," akasema. "Hamira haiyaingia bado. Ni tamu ya mbegu tu. Ukikataa, kataa, hakuna atakayekufunga. Lakini umeona, amekunywa yeye mbele."

Nilisimama na kile kikombe muda ambao hata sasa naona haya kuukumbuka. Kisha nikasema bismillahi, nikanywa. Ilikuwa tamu, nzito, ya uvuguvugu. Ilikuwa togwa. Nikaona aibu ya kweli, kwa sababu mama huyu ambaye hanijui, wa upande mwingine wa dunia, alikuwa amenitendea kama bibi yangu, na mimi nilikuwa nimesimama nikitafuta sumu ndani ya kikombe chake.

Nikapasua pakiti ya korosho. Nikazimwaga kwenye bakuli lake, bakuli lake mwenyewe, nikachukua moja nikala, nikachukua ya pili nikala, ndipo nikamsogezea kwa mikono miwili. Alitafuna polepole. Akasema kitu na kukunja uso.

"Anasema pilipili yenu inapiga bia yake," Papa Ilunga akatafsiri.

Nikaanza kushuku upya, nikidhani anaishushia bei. Kumbe alikuwa anasema kweli. Alitaka pilipili ipungue, ndimu ibaki, na ziwepo za kutosha kujaribu hadi mwisho wa msimu wa joto. Nilipompigia Zuhura akafoka: "Nani huyo wa kunifundisha mimi pilipili?" Nilipomsikia anafoka nikajua mambo yamekuwa mazuri. Alipunguza pilipili. Kina mama hawakurudi majumbani, na wawili kati yao wako naye mpaka leo. Utajiri hatukuupata, lakini msimu ule hatukuuza ghafi.

Sasa ngoja nikwambie lile linaloniuma. Tukiwa njiani kurudi mjini nilimwomba radhi, akasema hakuna neno. Nikamuuliza, safari hii kwa heshima, "Papa, ulinisaidia kwa nini?"

"Bibi na batoto beko Lubumbashi," akasema, na bibi kwao ni mke. "Samedi mimi niko nyumbani na televizheni. Nilipenda safari tu, petit. Nilipenda kuwa na mwenzangu mu motoka."

Katika shaka zangu zote, na nilikuwa nazo za kujaza kontena, hiyo sikuwa nimeiwaza. Nilimfikiria mwizi, nilimfikiria mjanja. Sikumfikiria mtu mpweke.

Tuliendelea kusalimiana vizuri tulipokutana Zhanxi. Ila hakunialika tena kwenye kigari chake, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba. Baadaye akarudi kwao. Kila msimu namtumia pakiti kwa watu waendao Lubumbashi, na kabla ya kuzifunga nafungua moja, nakula mbele ya simu, namtumia hiyo picha. Hunijibu kwa neno moja la Kifaransa, kwamba zimefika. Nalisoma neno hilo mara nyingi kuliko linavyostahili.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii uache shaka. Mji huu ukiingia umefumba macho watakunyoa bila maji. Kagua mzigo, soma mkataba, pima suruali miguu yote miwili. Lakini tumefundishwa kwamba dhana nyingine ni dhambi, na mimi nakuongezea kwamba nyingine ni hasara. Ukifika kwenye zile baa, usianze kwa kuwauliza uaminifu wao. Wao ndio wenye haki ya kuuliza, maana ni wewe uliyebisha hodi na kahawa yako. Ipike mbele yao, inywe wa kwanza, hata kama ni ya moto na ulimi unaungua. Ukipewa usichokinywa, kataa kwa mdomo na sababu yake, usikatae kwa kiganja. Na mtu akikuambia nitakupeleka, usikimbilie kujua anapata nini. Muulize kwanza anakula wapi Jumamosi.

Mungu akufungulie milango ambayo wewe mwenyewe hujaifunga. Akupe macho ya kumwona mwizi, na akupe macho mengine ya kumwona rafiki, asikuchanganyie hayo mawili. Akurudishe salama kwa mama yako, mikono yako ikiwa imejaa na moyo wako ukiwa mweupe.

Haya, chai imekuja, na bakuli hilo hapo. Nyosha mkono, ule. Mimi nimeshatangulia.