Nilivyomwibia Mama Chai Kura

Mimi nimewahi kuiba kura. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure huko mbele. Niliiba mchana kweupe, sebuleni kwa watu, Loresho, mbele ya bibi kizee mwenye magoti mabovu, na niliiba kwa ajili ya mwanamume aliyeishi Uingereza ambaye hakujua kama hapa duniani kuna mahali panaitwa Loresho.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya Westlands, na rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana wa darasa letu, wa familia ya Kisikh iliyokuwa na duka la misumari, mabati na rangi River Road. Kwao Loresho kulikuwa na mashine ya video. Kwetu, ng'ambo ya barabara kuu, upande wa Kangemi, kulikuwa na baba mwenye vyumba vya kupangisha na redio aliyoifungia kabatini tusije tukaimaliza betri. Kwa hiyo kila Jumamosi, nikishakula, nilivuka barabara.

Tulichokuwa tukikifuata kwenye ile video kilikuwa kipindi cha mambo ya angani. Shangazi yao aliyeishi London alikirekodi kila wiki na kumbebesha kanda yeyote anayesafiri kuja Nairobi. Kilihusu chombo kilichopotea njia huko kwenye nyota. Kilikuwa kimepotea tangu kabla hatujazaliwa. Manahodha walikuwa wamebadilishwa mara tano, waigizaji wakizeeka au wakichoka, na bado hakuna aliyewahi kufikiria kusimama na kuuliza njia. Tulikipenda kufa.

Watu wenye akili timamu hupenda nahodha, au yale mazimwi ya kijani. Sisi tulipenda waandishi. Yeye ndiye aliyeanza. Siku moja jina la mwandishi lilitokea kwenye skrini, likakaa kama sekunde tatu, naye akasema, "Huyu tena. Ngoja uone, leo watakimbia kwenye korido." Wakakimbia kwenye korido. Tangu siku hiyo hatukuweza tena kuangalia kama watu wengine. Tulikuwa tumegundua kwamba kipindi kile kiliandikwa na binadamu, na kwamba binadamu hao walikuwa na tabia zao, nyingine mbaya, sawa na walimu. Na kwa kuwa walimu wote tulikuwa tumewapa majina ya kupanga, hawa nao tukawapa.

Kulikuwa na Bwana Korido, ambaye akiishiwa na la kusema huwatimua watu mbio. Kulikuwa na Kasisi, aliyemaliza kila hadithi kwa mahubiri, nahodha akiwa ameshika kiuno na kutazama dirishani. Kulikuwa na Bwana Baruti, ambaye alilipua sayari kama wewe unavyovunja yai. Huyo alikuwa wangu. Na kulikuwa na mwanamke mmoja tu kati yao wote, tukamwita Mama Chai, kwa sababu kwake watu walikaa chini wakanywa kitu cha moto kabla dunia haijaisha, wakazungumza habari za mama zao. Huyo alikuwa wa rafiki yangu.

Orodha iliandikwa kwenye daftari, na kila Jumamosi ilifutwa na kuandikwa upya kwa kelele. Tulikuwa watano. Kaka yake, aliyekuwa akisubiri kwenda chuo na hakuwa na kazi nyingine, alihesabu milipuko kwa vijiti vya kibiriti. Bibi yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Biji nami nikamwita hivyo hivyo, hakujua Kiingereza, lakini alikuwa na kipimo chake. "Hii watu iko safari mbali sana," aliuliza kila wiki, "na hapana kula?" Mwandishi ambaye watu wake hawakula alipata sifuri. Wa tano alikuwa mpishi wa nyumba, mzee kutoka magharibi, aliyeangalia akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akisema hana muda, huku hakosi dakika moja. "Mimi naangalia kama mkubwa anasalimia yule wa kuosha vyombo," alitueleza. Bwana Baruti katika maisha yake yote hakuwahi kuandika mtu wa kuosha vyombo. Mimi nilipima maneno. Nilipenda adui asimame katikati ya moto ahutubie dakika tatu, atumie maneno ambayo lazima uyatafute kwenye kamusi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nisamehe.

Basi shangazi akaja likizo. Mwanamke mkali, aliyetembea na mkoba wake hata akienda chooni. Tulimwomba atupelekee barua kwa waandishi wetu, akatutazama kama tumemwomba figo. "Bahasha moja," akasema. "Moja. Mimi si posta." Angeipeleka mwenyewe hadi mapokezi ya kituo cha televisheni.

Bahasha moja maana yake mwandishi mmoja, na hapo ndipo utani ulipoisha. Rafiki yangu na mimi kila mmoja alikuwa ameandika hadithi yake ya kile chombo, na wote wawili tulitaka isomwe na mtu anayejua kazi. Tukakubaliana: atakayekuwa nambari moja kwenye orodha ndiye atakayepelekewa bahasha, na ndani itawekwa hadithi ya yule anayemshabikia. Akishinda Mama Chai, inakwenda ya kwake. Akishinda Bwana Baruti, yangu.

Yangu ilikuwa na kurasa arobaini na ilimaliza mwezi. Simaanishi siku thelathini, namaanisha mwezi wa mbinguni. Ya kwake ilikuwa na kurasa kumi na moja. Chombo kilitua River Road saa nne asubuhi na hakuna aliyeshtuka, kila mtu akidhani ni jengo jipya la mtu fulani mkubwa. Alinipa niisome maktabani siku ya Alhamisi. Nilicheka mara kadhaa bila kutaka, kisha nikamrudishia nikasema iko sawa. Haikuwa sawa. Ilikuwa nzuri kuliko yangu kwa mbali, na niliona wivu uliofanya masikio yapate moto.

Jumamosi iliyofuata tukapiga kura. Wakati huo nchi nzima ilipiga kura kwa mlolongo: hakuna karatasi wala sanduku, unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, msimamizi anahesabu vichwa, halafu anatangaza anachotaka. Kulikuwa na mahali ambapo mlolongo mfupi uliushinda mrefu, na watu wazima waliojionea wakaambiwa hawajui kuhesabu. Sisi tuliona ni mchezo mzuri kabisa. Kaka yake alishika kadi ya Bwana Baruti karibu na televisheni, rafiki yangu akashika ya Mama Chai karibu na dirisha. Mimi nilijitolea kuwa msimamizi. Hakuna aliyepinga, na hilo nalo lilikuwa kosa lao.

Mzee wa jikoni alikwenda moja kwa moja kwa Mama Chai. Biji alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akanyoosha mkono akashika upindo wa nguo ya mjukuu wake. Mimi nikasimama nyuma ya kaka. Watatu kwa wawili. Hata ukipofuka jicho moja ungeona.

"Biji ameketi," nikasema. "Mlolongo ni wa kusimama."

"Magoti hapana taka," Biji akasema. "Lakini roho yangu iko simama."

"Roho haihesabiwi, Biji."

Wakati huo dengu zikafurika jikoni, zikapiga kelele kwenye moto, na mzee akatoka mbio. Nikaitazama saa ya ukutani kama mtu mwenye vituo vingine kumi vya kutembelea. Nikatangaza kwamba muda wa kuhesabu umefika. Upande wa dirisha, mmoja. Upande wa televisheni, wawili. Bwana Baruti amechaguliwa kihalali, na malalamiko hayatapokelewa.

"Wewe ni mbaya!" kaka yake akasema, akicheka hadi akashika ukuta. "Hata chifu wetu angeona haya."

Mzee akarudi na mwiko mkononi. "Imeisha? Si nilikuwa hapo tu jikoni?"

"Pole mzee, kura imefungwa."

Rafiki yangu akaweka kadi yake chini. Alizitoa zile kurasa kumi na moja kwenye bahasha, akazikunja mara mbili, nami nikatia zangu arobaini, ambazo zilitosha kwa shida. Nilimwona alivyozikunja. Ningeweza kusema ni mzaha, tuhesabu upya, na kila mtu angecheka. Nililamba gundi ya bahasha nikaifunga.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi. Ilikuwa picha ya mwigizaji amevaa helmeti, na sahihi iliyopigwa chapa. Hapakuwa na neno kuhusu hadithi. Nilitembea nayo shuleni muhula mzima nikiwaambia watu ndiye mwandishi mwenyewe, na walioniuliza mbona amevaa helmeti niliwaambia waandishi wa kule hufanya hivyo. Lakini moyoni nilijua nimejibiwa. Mtu anayejua kazi alikuwa amesoma kurasa zangu arobaini na akaona hakuna la kusema. Sikuandika hadithi nyingine. Nayo klabu ikafa polepole. Mara ana mtihani, mara nina malaria, mara video imeharibika. Hatukugombana. Tuliacha tu kuketi pamoja.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimeajiriwa Westlands kuandika matangazo ya sabuni ya redioni. Kama uliwahi kusikia mama mkwe akisifu shati jeupe kwa sauti ya malaika, nisamehe tena. Rafiki yangu alikuwa amesomea ufamasia na kufungua duka la dawa mitaa miwili kutoka ofisini kwetu. Nililijua lile duka kwa miaka miwili, na kwa miaka miwili nilinunua dawa za kichwa kwingine. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mimi ndiye niliyemzima. Kwamba angekuwa mwandishi mkubwa, na sasa anahesabu vidonge kwa sababu yangu. Ilikuwa hatia nzito, na nikisema kweli, ilinipendeza kidogo kujiona mtu wa maana kiasi hicho.

Siku moja mchana nikaingia.

"Sasa, msimamizi," akasema kabla sijafika kaunta.

"Nimekuja kukwambia kitu."

"Kama ni ile kura, nilihesabu. Tulikuwa watu watano, si elfu tano."

Nikasema pole. 

"Usijali sana," akasema, akifunga dawa ya mtu kwenye karatasi. "Niliituma mwenyewe Jumatatu. Nilipitia posta kuu nikienda dukani kwa baba. Bahasha moja ilikuwa sheria ya shangazi, si ya serikali."

"Akajibu? Mama Chai?"

"Kurasa nne. Kwa mkono." Akaniambia pia kwamba bado anaandika, kila Jumapili, na kwamba ana riwaya mbili kabatini na ya tatu inamsumbua. Kumbe sikuwa nimemzima mtu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Ulikuwa unazunguka na ile picha kama mtu aliyepata mtoto. Nilikuonea huruma." Akaisukuma ile dawa pembeni. "Halafu huruma ikaisha, nikabaki na hasira tupu. Nikasema basi, na hii yake sitampa."

"Hii gani?"

Aliisema bila karatasi; alikuwa nayo kichwani. Katika ile hadithi, abiria wa chombo wanashuka River Road mikono juu, na mwenye duka anatoka kuwauliza: mnauza ama mnanunua, na kama hakuna, mniondolee hicho kitu mlangoni. Alisema maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema maktabani ile Alhamisi, nikicheka, kabla sijamwambia iko sawa. Mimi sikukumbuka hata kidogo. Yeye aliyatia kwenye hadithi, na kwa sababu ni mtu mwaminifu, aliandika kwenye barua kwamba sentensi ile ni ya rafiki yake. Na Mama Chai alijibu kwamba sentensi ile ndiyo iliyomfanya acheke peke yake mezani hadi mbwa akatoka chumbani. Mwisho wa ukurasa wa nne aliandika: msalimie sana huyo rafiki yako, na umwambie asiache kuandika.

Kwetu mtu akikupa salamu umfikishie mwingine, huwi huru mpaka uzifikishe. Utazibeba hata kama mwenyewe mmekosana, utamtuma mtoto, utapiga kelele ukiwa ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa amezibeba zile kwa miaka isiyopungua saba, na nilimwona usoni kwamba zilikuwa zimemchosha. Nilikasirika. Nilikuwa nimeingia pale kuomba msamaha na sasa nilitaka kudai. Nilifikiria miaka yote niliyopoteza nikisifu sabuni.

Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele yangu, akaniambia kama salamu zinavyofikishwa, "Haya. Unasalimiwa sana. Na usiache kuandika."

"Zimefika," nikasema.

Kisha nikaketi kwenye benchi la wagonjwa nikalia, tena kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa amekuja kununua dawa ya minyoo akanisogelea akanipapasa bega, akaniambia pole sana baba, malaria ya mwaka huu ni mbaya.