Baridi ya Micheweni Sikuiona

Mimi baridi naijua. Nimezaliwa Lushoto, mlimani, ambako mwezi wa saba ukungu huingia ndani bila hodi na maji ya kusukutulia alfajiri yanauma meno. Kwa hiyo nilipoolewa na mwalimu wa Kipemba na kuhamia kwao Micheweni, watu wakaanza kunitisha na kipupwe chao, nilicheka. Nikakingoja kwa hamu. Kikaja. Jua liliwaka mpaka mawe ya uani yakaunguza nyayo, nami nikawa natafuta kivuli na kipepeo cha kujipepea, huku majirani wakipita na masweta, mikono wameikunja kifuani, wakiambiana kwamba mwaka huu baridi itaua mtu.

Ningeendelea kucheka lau nisingejifungua msimu huohuo.

Mama mkwe wangu alikuwa mkulima wa mwani. Maji yakipwa alikwenda kusimama baharini, akalowa mpaka kiunoni na upepo wa kusi unampiga, asiseme lolote. Akirudi nyumbani aliziba dirisha letu kwa kanga mbili, akanikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, kisha akamgeukia mwanangu: sweta, soksi, kofia ya sufu, blanketi juu. Mtoto wa wiki tatu kafungwa kama gunia la karafuu. Akatoka harara shingoni na mgongoni, akawa halali, analia mpaka sauti inamkauka.

"Baridi hino yamtoka," alisema mama mkwe alipoviona vile vipele, akaongeza blanketi la pili.

Nikamwambia ni joto. Akaniuliza nimezaa wangapi. Mume wangu nilipomwomba aseme neno moja tu, alikumbuka ana madaftari ya kusahihisha.

Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka hukasirika. Uchungu niliuona mimi, ila kumvua mtoto soksi ilikuwa lazima niombe ruhusa! Asubuhi moja nikambeba, nikatoka naye barazani kabla ya arubaini yangu kwisha, nikamvua kimoja kimoja mpaka akabaki na nepi. Nikampangusa shingo kwa maji ya mtungi.

Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja, shoga wa mama mkwe tangu utotoni. Tangu uchaguzi walikuwa hawasalimiani, kila mtu na chama chake. Miaka ile ya vyama vingi hata mazikoni watu walichaguana. Bibi yule aliponiona alitupa ufagio, akavuka njia huku anavua sweta lake mwenyewe.

"Weye! Wamuua mwana wa watu!"

Mama mkwe akatoka mbio na blanketi. Akamtazama hasimu wake, akanitazama mimi.

"Wamwona lakini, shoga?"

"Namwona. Watu wa bara hawana huruma."

"N'shamwambia mpaka n'mechoka."

Basi wakapatana papo hapo, juu ya mwanangu mwenye nepi tupu. Wakanisimamia, mmoja na sweta, mmoja na blanketi. Nilijua nikikubali, nyumba mbili zitarudi kusalimiana, nami nitasifiwa kuwa mkwe mwenye adabu.

"Huyu hajajiandikisha kupiga kura," nikawaambia. "Hamtapatana kwa mgongo wake. Pataneni wenyewe."

Mama mkwe akainama kumfunika, akasita. Mtoto alikuwa amelala, bila kulia kwanza. Akamgusa shingo kwa mgongo wa kiganja, akauacha mkono pale.

"Kalala," akasema, kama anayelalamika.

Kisha akatandika mkeka, akamkaribisha shoga yake. Wakakaa wakinisema mpaka adhuhuri, mimi na mama yangu aliyenilea mlimani pamoja na mbuzi. Walinisema kwa raha, kama watu waliokosa umbea mwaka mzima. Niliwasikia neno kwa neno. Sikumvika.