Roboti Isiyo na Macho

Shallon, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu, na mashine ndiyo kabisa. Kwa miaka kumi na miwili wanawake walivua nguo nyuma ya pazia lake bila wasiwasi. Lakini tangu picha ya mteja wa fundi mmoja wa mtaa wa pili isambae kwenye simu, kila aliyeingia alikagua dari na kuta kwanza. Fununu moja tu, na duka lingebaki tupu.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, mumewe Habumugisha, fundi redio, akamuundia roboti ya kufyonza nyuzi na vumbi, kwa beseni la plastiki na mota kuukuu. Aliileta ikiwa na viduara viwili vinavyong'aa mbele.

"Papa Mucyo," Shallon akamwita kwa jina la mtoto wao, "hii kitu iko na macho."

"Si macho. Inatuma sauti, inagonga ukuta, inarudi. Ndiyo inajua mbele iko kitu."

"Kumbe inasikia? Basi iko inarekodi."

Aliapa, akaeleza, akachora. Wapi! Na hata kama ni kweli, nani angekaa kuelezwa hayo akiwa hana blauzi?

Habumugisha akakitoa kile kihisi cha sauti, akaleta kingine, kidogo, cha mwanga usioonekana. Hicho kilimtia Shallon shaka zaidi: kitu cha halali kinajificha kwa nini? Bahati yake, kihisi hakikutambua vitu vyeusi. Roboti ilivamia koti jeusi la mteja lililoning'inia karibu na sakafu, ikafyonza pindo. Shallon alifurahi waziwazi, ingawa ni yeye aliyelishona upya.

Mwishowe, badala ya vihisi hivyo, ikaja bampa, kipande cha plastiki chenye swichi ndani. Ikigonga kitu, swichi inabanwa, roboti inarudi nyuma. Shallon aliifungua kwa bisibisi, akaimulika kwa tochi ya simu, akakuta springi na nyaya mbili. Hakuona pa kushuku, na hilo lenyewe halikumpendeza. Akakubali.

Alhamisi, mwalimu Mukeshimana alikuwa nyuma ya pazia akijaribu nguo ya kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Roboti ikaligonga pazia. Pazia ni laini, swichi haikubanwa. Ikapita chini yake, ikaingia.

"Oya! Mama Mucyo! Iko inaniangalia!"

"Haiangalii, mwalimu. Haina jicho, haina sikio. Inagusa tu."

"Hivyo ndiyo mmepanga kusema?"

Shallon mwenyewe angeuliza vivyo hivyo. Mukeshimana alishavaa nguo zake na kushika mkoba. Akitoka hivi, kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa na habari.

Shallon akafunga mlango wa duka. Akaingia nyuma ya pazia, akaliacha wazi nusu, akaiweka roboti mbele ya miguu yake, akavua gauni.

"Kama inapiga picha, inipige mimi."

Mwalimu akageuka kuuweka mkoba kitini. Shallon, amebaki na shimizi, akaiangalia ile mashine. Haraka, kwa kidole cha mguu, akaielekeza ukutani.