Mume wa Bibi Kibibi

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Kibibi, na akikasirika hata paka wetu huhamia kwa jirani. Ameishi Newala maisha yake yote, amelima korosho na mihogo, amezika waume wawili, na katika ukoo mzima hakuna mwenye ubavu wa kumwamuru jambo. Mama hamwezi. Mjomba Hamudi wa Mnyambe, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye neno la mwisho, ni mdogo wake Bibi, mjomba wa Mama, na alibebwa mgongoni mwake. Kila akijaribu kufoka, Bibi humuuliza kama bado anakojoa kitandani.

Kwa hiyo macho yake yalipoingia ukungu tulipata kazi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji mdogo. Bibi akasema anayeupenda upasuaji apasuliwe yeye. Alikuwa amesikia kwamba huko wanalitoa jicho, wanalisuuza kwenye beseni, kisha wanalirudisha, na nesi akiwa na haraka unaweza kurudishiwa la mwenzako. Hapo mjadala ukafungwa.

Ndipo akaja Eero. Chuo chao huko Ufini huleta wanafunzi kujifunza Kiswahili na kilimo, na kila mmoja hukabidhiwa familia ya kuishi nayo. Sisi tukakabidhiwa huyu: mrefu kama nguzo ya umeme, mpole, anayeshukuru hata akipishwa mlangoni. Mama akampa chumba changu. Mimi Mwanaheri, mwenye diploma ya ualimu na ninayesubiri ajira mpaka nimesahau nasubiri nini, nikahamishiwa chumbani kwa Bibi. Paja la kuku, ambalo lilikuwa langu tangu niote meno, nalo likahamia kwenye sahani ya mgeni. Nasema haya mjue kwamba sikuwa na sababu ya kumpenda.

Siku aliyofika, Bibi alikuwa kwenye mkeka akichambua kunde kwa vidole. Eero akamwinamia.

"Shikamoo, Bibi."

"Nani huyo?"

"Eero, mjukuu wako mgeni," Mama akasema.

Bibi akaweka ungo chini. "Njukuu wa kiume? Basi nimepata mume, na nyinyi hamkuniambia nijipake mafuta! Na wewe, mume gani anamwamkia nkewe shikamoo? Kaa hapa."

Bibi husema Kiswahili cha kwetu, cha "nke" na "ntu", na akimsikia mtangazaji wa redio husema yule ndiye anayekosea.

Eero akakaa, amewiva usoni. Akaeleza polepole, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba anashukuru sana lakini kwao ana mchumba, anaitwa Helmi, na wanatarajia kuoana.

"Nlete," Bibi akasema. "Nitanfundisha kupika kisamvu. Mimi ndiye nke nkubwa."

Kesho yake Eero akanifuata jikoni, akaniuliza kwa kunong'ona kama ndoa ile inatambuliwa na serikali. Nikamwacha ateseke mpaka akamaliza kuosha vyombo vyote, ndipo nikamweleza. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wake, wa kike ni mke mwenza. Mimi mwenyewe Bibi ameniita mke mwenza tangu nikiwa nanyonya. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu neno ambalo mwanao akilisema utamwachia radhi. Na aliyetaniwa haruhusiwi kununa.

"Kwa hiyo mimi pia naweza kumwambia chochote?" akauliza.

"Chochote."

Nilidhani namfundisha utamaduni. Kumbe nilikuwa nampa silaha.

Hakukawia kuitumia. Bibi alikuwa hakubali mtu mwingine achambue kunde zake, na kwa kuwa haoni, sisi tulikuwa tunakula mawe. Tulikula kimya, kwa adabu, kila mtu akitafuna kwa upande wenye meno mazima. Siku moja mchana Eero akatoa jiwe kinywani, akaligonga kwenye sahani likalia.

"Mke wangu," akasema, "hili la kula au la kujengea?"

Mama akafumba macho. Mimi nikasogea karibu na mlango. Bibi akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, akamwambia mume wake kwamba mwanamume wa kweli hula anachopikiwa. Kuanzia hapo wale wawili walikuwa wakitupiana maneno kutwa, na mimi nikaanza kumsamehe kidogo kuhusu lile paja.

Lakini utani haumpi mtu macho. Huku juu kwetu maji ni shida, kila nyumba ina kisima cha kukingia mvua inayotoka batini. Siku moja Mama alikuwa anachota, akaingia ndani mara moja kufuata ndoo nyingine, akaacha mfuniko wazi. Bibi akatoka kuelekea bandani. Mimi nilikuwa naanua nguo, nikamwona akienda moja kwa moja kwenye lile shimo, na sauti ikanikauka. Mguu wake ulikuwa umeshainuka juu ya kisima Eero alipomrukia, akamkumbata kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye tope.

"Mume gani anankumbatia nkewe hadharani!" Bibi akafoka. Lakini alikuwa amemng'ang'ania shati kwa mikono miwili.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Nililia kwa hofu na kwa hasira, maana nampenda yule bibi kuliko mtu yeyote, na sasa nilijua kabisa jinsi tutakavyompoteza.

Wiki hiyohiyo gari la matangazo likapita na spika zake: madaktari wa macho watakuwa Masasi, wote wenye shida wafike. Mama akabembeleza, Bibi akamjibu kwamba ameshaona ya kutosha. Mjomba Hamudi akapiga simu, akaulizwa habari za kitanda. Mimi nikajaribu kulia mbele yake. Akaniambia nikalie jikoni, kuna chumvi imeisha.

Eero aliniuliza tu, Bi Ida ni nani hasa kwa Bibi.

Bi Ida ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ni shoga yake Bibi na adui yake tangu usichana. Walicheza ngoma pamoja, wakaolewa msimu mmoja, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua. Bi Ida bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na hakuna mtu Newala ambaye hajaambiwa.

Eero akanunua sukari, akaipeleka kwa Bi Ida mchana kweupe, akakaa barazani kwake wakanong'ona kwa muda mrefu. Aliporudi akasimama mbele ya mkeka.

"Mke wangu, nimechoka kula mawe. Naoa mke wa pili. Huyu anaona."

Ungo ukatulia. "Nani?"

"Bi Ida."

"Ida! Yule mwenye miguu kama mipini ya majembe!"

"Mimi naiona miguu yake," Eero akasema. "Wewe huioni."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Angesema hivyo Mama, tungeitisha wazee.

Asubuhi iliyofuata Bi Ida, ambaye hajawahi kuharibu utani mzuri, akapita uani kwetu amejifunga kanga mpya. Alipita taratibu. Akarudi. Akasimama, akageuza mgongo, akajipigapiga makalio pale palipoandikwa. Bibi akainua kichwa. Kanga mpya ina sauti yake, na mwanamke akikujia na kanga mpya siku ya ugomvi, ujumbe umo kwenye maandishi.

"Imeandikwaje?" Bibi akauliza.

Mjue kwamba Bibi anasoma. Alisomea kwenye kisomo cha watu wazima akiwa na mtoto mgongoni, na anajivunia hilo kuliko mikorosho yake yote. Kutukanwa kwa kanga asiyoweza kuisoma ilikuwa ni kutukanwa mara mbili.

"Kaisome mwenyewe, mke wangu," Eero akasema.

"Mwanaheri!"

"Mimi ni mke mwenza tu, Bibi. Siingilii ndoa za watu."

Akamwita Mama, Mama alikuwa na moshi jikoni. Akawaita watoto wanaotoka shule, wa darasa la sita wale, wakaapa hawajafundishwa kusoma. Bi Ida alikuwa ameshawapitia wote na pipi. Kutwa nzima Bibi alikaa na ungo mapajani bila kuchambua, akisonya. Jioni, Bi Ida alipopita tena, Bibi akaacha kusonya.

"Hao madaktari wa Masasi," akasema, "huwa wanasuuza kwa maji gani?"

Hakuna aliyecheka. Eero akaketi kando yake mkekani. Akamwambia bila utani kwamba hawalitoi jicho, wanafuta ukungu tu, na kwamba yeye atakaa mlangoni mpaka atoke.

"Unaogopa?" akamuuliza.

Miezi yote ile tulikuwa tumembembeleza, tumemfokea, tumemlilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza hilo.

"Naogopa," Bibi akasema, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake. Nikageukia ukutani.

"Mimi pia ningeogopa," Eero akasema. "Lakini ukifa namwoa Ida kweli."

Bibi akampiga na ungo, kunde zikatawanyika uani, na Mama akakimbia kumpigia Mjomba simu alete gari kabla Bibi mwenyewe hajabadili nia.

Tukaenda Masasi. Bi Ida alijialika mwenyewe, akapanda mbele kabisa na ile kanga yake. Wakamfanyia Bibi jicho la kulia kwanza. Asubuhi yake nesi akamkalisha kwenye benchi, akambandua kitambaa.

Bibi akapepesa. Akamtazama nesi. Akamtazama Mama, akamwambia, "Umezeeka." Akanitazama mimi akanigusa shavu, na mimi nikashindwa kabisa kujizuia. Kisha akamtafuta Bi Ida, ambaye alikuwa ameshageuza mgongo tayari.

"M-dha-ni-a-ye," Bibi akasoma, kidole hewani, "ndi-ye, si-ye." Akashusha kidole. "Maneno hayo tu? Nimekubali kukatwa jicho kwa maneno hayo?"

Wagonjwa benchi zima wakacheka. Ndipo Eero akasogea mbele, amechana ndevu zake zenye rangi ya nywele za mahindi, pua imebambuka kwa jua letu, tabasamu limefika masikioni. Bibi akamshika mkono. Akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, na kwa urefu ule safari ilichukua muda. Machozi yakamlengalenga, nesi akaanza kutafuta pamba.

"Ndiye huyu?" Bibi akauliza.

"Ndiye mimi, mke wangu."

Bibi akazidi kuukamata ule mkono, akageuka.

"Ida, nchukue."

"Simtaki," Bi Ida akasema, akijifunga kanga yake upya. "Mimi nilikuwa namwona siku zote."