Binti Yangu na Honi ya Meli

Nilikuwa naamini, na mtu akinipinga ningevua shati tupigane, kwamba mtoto aliyenyamaza hufunguliwa ulimi na honi ya meli. Si meli yoyote, wala si honi ya mahali popote. Lazima meli iwe kubwa, lazima iwe katikati ya bahari pale ambapo nchi kavu haionekani upande wowote, na lazima mtoto awe mikononi mwa mzazi wake. Honi ikilia hapo, ulimi unajinasua. Ushahidi ulikuwepo. Mtoto mmoja wa Katelembo, ndivyo ilivyosemwa, alikuwa hajatamka neno tangu azaliwe. Baba yake akampeleka baharini, honi ikalia mara moja, na mtoto akaomba chai. Tena aliiomba kwa Kiswahili cha Mombasa, na adabu zake zote, hata aliporudi Katelembo ikabidi watafute mtu wa kuwatafsiria nyumbani.

Habari hiyo niliipatia kwenye stoo ya ngozi, mjini Machakos, nilikofanya kazi ya kutia ngozi chumvi na kuzikunja. Aliyeileta ni mwenzangu wa stoo ambaye aliwahi kubeba mizigo bandarini, kwa hivyo kwetu alikuwa profesa wa mambo yote ya maji. Mimi nami nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru, yale ya jioni baada ya kazi, cheti nimekitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Mtu aliyesoma akiwa na ndevu haamini jambo bila kuuliza maswali. Basi nikamwuliza maswali. Nilimwuliza meli ilikuwa rangi gani, honi ililia kwa muda gani, mtoto alikuwa ameangalia upande upi. Akanijibu yote bila kusita. Nikaridhika.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu. Nilikuwa nimebaki naye peke yangu tangu alipokuwa anajifunza kusimama kwa kushikilia mguu wa meza. Yeye na mama yake waliugua wiki moja, katika nyumba ile ile yetu ya Mwala, homa moja ya kukaza shingo, na nikawapeleka hospitali kwenye mkokoteni mmoja wa punda. Mtoto alitoka kwa mlango wa mbele. Mama yake alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso ya mama yake nikaenda naye kwa fundi kuchagua mbao za jeneza, naye akalala usingizi mzito fundi akipiga msumari mbele yetu. Nikamwambia fundi, huyu ana moyo wa simba.

Kabla ya homa alikuwa ameanza maneno. Alisema mama. Mbuzi alimwita mee. Baada ya homa hakusema kitu. Alilia, alicheka, alipiga makelele akinyang'anywa kijiko, lakini neno halikuja. Watu wa kwetu walinieleza sababu, na kila mmoja alinieleza kama amenifichulia siri: amemfuata mama yake kwa ulimi, mwili ndio umebaki. Mama yangu, ambaye ndiye susu wake, yaani nyanya, alisema kwa sauti ya kumaliza mazungumzo, "Hiyo mtoto inaomboleza. Wacha aomboleze. Akimaliza ataongea."

Nilimpa mwaka wa kuomboleza. Nikamwongezea. Kila jioni nilimweka mapajani nikamsimulia hadithi zote za sungura nilizojua. Zilipoisha nikatunga nyingine, na sungura wangu akafanya kazi serikalini, akaoa, akanunua trekta. Mtoto aliniangalia mdomo bila kupepesa macho. Kanisani nilimweka kando ya ngoma, na ngoma ya kanisa letu ingeweza kuamsha watu waliozikwa kabla ya ukoloni. Alilala hapo hapo, mkono chini ya shavu. Nikawaambia waumini wenzangu, mnaona amani aliyo nayo.

Nilichotaka ni neno moja tu. Sikuwa na tamaa ya hotuba. Nilitaka aseme baba, hata akilisema kwa hasira.

Sasa miaka ile wazungu walikuwa wamepungua pwani, na meli moja ya kitalii iliyozoea kuwabeba wao ikaona afadhali kubeba sisi kuliko kubeba upepo. Ikatangazwa kwamba wananchi wanaweza kupanda kwa bei yao, kutoka Mombasa hadi Zanzibar na kurudi, na vyakula ndani yake. Nilipolisoma tangazo hilo niliweka ngozi chini. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maana. Mwenye stoo, mzee Msomali aliyenunua mifugo kutoka Mwala mpaka mwisho wa dunia, ndiye aliyemchukua.

Alimzunguka ng'ombe, akamshika pembe, kisha akaniuliza, "Shida gani imekupata unauza hii?"

Nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi niko na watoto tisa," akasema. "Wote wanaongea, na wanaongea pamoja. Wewe unauza ng'ombe kutafuta kelele?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi Mungu akupe kelele," akasema, na hakucheka.

Mama yangu hakuwa mpole hivyo. Alinikuta napanga nepi kwenye mfuko.

"Mkamba wa Mwala anaenda likizo kwa maji," akasema. "Hapa maji tunachimba kwa mchanga, wewe unayafuata yenye chumvi."

"Si likizo, mwaitu. Ni matibabu."

"Na hiyo kofia ni dawa ya nini?"

Kofia ilikuwa ya majani, pana kama ungo. Nikaivaa.

Meli, kwa macho yangu, ilikuwa kubwa kuliko mji wa Machakos pamoja na soko lake. Ilikuwa na ngazi za kupanda kwenda kwenye ngazi nyingine. Walitupa chumba kisicho na dirisha, upana wake kama kabati la mtu asiye na nguo, na mtoto akafurahi kama amepewa ikulu. Aliendesha mswaki wangu ukutani kama lori.

Kutoka hapo taabu zikaanza. Meli nzima ilitaka kujua mama yake yuko wapi. Mhudumu aliuliza akileta supu. Bwana mmoja aliyekuja na mke wake mpya aliuliza, kisha akashika kijiko chake asijue afanye nini nacho. Mama mmoja mnene kutoka Nairobi, tuliyekaa naye meza moja, hakuuliza. Aliziangalia nywele za mtoto, nilizokuwa nimezisuka mwenyewe zikafanana na shamba la viazi baada ya nguruwe kupita, akaelewa yote.

"Leta huyo nikushikie, baba," akasema. "Ukule na mikono mbili kama watu."

"Asante, mama, niko sawa."

"Mwanaume hawezi hii kazi. Leta."

Sikumpa. Sharti lilikuwa mtoto awe mikononi mwangu honi ikilia baharini, na hakuna aliyejua italia lini. Kwa hivyo sikumweka chini. Nilikula naye. Niliingia msalani naye, nimemfunga kiunoni kwa leso. Bahari ilipoanza kuinua meli na kuitupa, nilitapika naye kifuani, nikatapika mpaka chakula cha Krismasi iliyopita, na yeye ananipangusa mdomo kwa kiganja kama mtu aliyezoea kuuguza. Wenzetu walilala kwenye viti wakinywa juisi. Mimi nilizunguka sitahani na mzigo wangu, kofia ikapeperushwa na upepo siku ya kwanza ikawa mali ya samaki, na nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata kaburini mtu angeomba kwanza apumzishwe.

Honi ilikuwa imelia mara moja tulipokuwa tunaondoka bandarini. Watu waliruka, mhudumu akamwaga maziwa. Hiyo sikuihesabu, kwa sababu Mombasa ilikuwa bado inaonekana, na minazi yake yote.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata baharia mmoja aliyekuwa anapaka reli rangi nikamwuliza honi ya pili ni lini.

"Leo kuna zoezi," akasema. "Mnafundishwa kuvaa jaketi za kuokolea, kama meli ikizama. Honi italia mpaka mseme basi."

"Nchi kavu itakuwa inaonekana?"

Aliniangalia. "Unataka kuruka?"

"Hapana. Nataka isionekane."

"Haitaonekana, mzee," akasema, akasogeza kopo lake la rangi mbali kidogo na mimi.

Nilimvalisha mtoto gauni jipya. Nikampa biskuti ili atulie, nikapanda naye hadi sitaha ya juu, nikasimama chini kabisa ya bomba la moshi ambapo honi ilifungwa. Niliangalia pande zote. Maji tu. Niliomba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, lugha yoyote isibaki na lawama. Halafu honi ikalia.

Nisikudanganye, sauti ile ilinipita mwilini kama treni. Ililia kwa vipande vifupi vifupi, kisha ikalia kwa kirefu. Meno yangu yaligongana. Watoto wote kwenye sitaha walipiga mayowe, mmoja akaingia chini ya sketi ya mama yake, na watu wazima walijiziba masikio huku jaketi zao zikiwa zimevaliwa nyuma mbele. Binti yangu alikula biskuti. Alimaliza kipande kimoja, akakichunguza kingine, akakila. Kisha akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa chuma wa lile bomba, akahisi unavyotetemeka, na akaanza kucheka.

Alicheka mwili mzima. Nami nikapiga magoti pale pale, kwa maana niliona kazi imeanza, ulimi unajinasua kutoka kwenye mizizi.

"Sema," nikamwambia. "Sema baba."

Aliniangalia mdomo. Akaniwekea biskuti mdomoni.

"Baba. Sema baba."

Honi ikanyamaza. Akaondoa kiganja ukutani, akakitazama, akakirudisha. Chuma kilikuwa kimetulia. Uso wake ukakunjamana kama mtu aliyezimiwa redio, akaanza kulia kwa sauti ile yake isiyo na neno ndani yake.

Nikamkimbilia yule baharia wa rangi nikamwambia airudishe.

"Honi si ya kuchezea, mzee."

"Mara moja tu. Ilikuwa karibu kufanya kazi."

"Kazi gani?"

Nikamweleza. Honi ilikuwa imenijaza masikio, sikujisikia mwenyewe, kwa hivyo nilimweleza kwa sauti ya kuhubiri uwanjani: homa, mama yake, mtoto wa Katelembo na chai yake, ng'ombe. Kwanza watu walicheka. Yule bwana wa mke mpya alicheka mpaka akajishikilia reli. Halafu kicheko kikapungua upande mmoja, kikapungua upande wa pili, na nilipofika kwenye ng'ombe nilikuwa naongea peke yangu. Mama mnene kutoka Nairobi alikuwa ameangalia chini.

Nesi wa meli alikuwa pale kusimamia zoezi. Alikuwa mwanamke wa makamo, na aliponisalimia kwa Kikamba cha Kitui nilitaka kulia kama mtoto. Alinishika kiwiko akatuingiza kwenye chumba chake, akamkalisha binti yangu kitandani na kumpa bandeji aichezee.

"Hiyo homa ilimkaza shingo?" akaniuliza.

"Ndiyo. Wote wawili."

"Kabla ya homa alikuwa anaita mama?"

"Alikuwa anaita. Na mbuzi."

"Sasa ukimwita amekupa mgongo, anageuka?"

"Anageuka," nikasema. "Nikikanyaga chini anageuka mara moja. Ni mchezo wetu."

"Na ukimwita bila kukanyaga?"

Nilifikiri. "Mara nyingi anakuwa na shughuli," nikasema.

Alichukua sinia ya chuma iliyokuwa na mikasi na koleo, akazunguka nyuma ya kitanda, akaiachilia ianguke sakafuni. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Binti yangu alikuwa ameipata ncha ya bandeji. Aliendelea kuivuta taratibu, akaizungusha kwenye kidole gumba, akaiangalia, akaizungusha tena.

Nesi aliokota mikasi yake yote kabla ya kuongea. Akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu.

"Huyu mtoto hakunyamaza, baba," akasema. "Hasikii. Ile homa iliharibu masikio, na hakuna honi inaweza kuyarudisha. Hajawahi kusikia kitu unamwambia tangu mama yake akufe. Mkifika nyumbani mpeleke hospitali apimwe vizuri, halafu umtafutie shule ya watoto wasiosikia, afundishwe kuongea na mikono, na wewe ufundishwe pia. Hukuhitaji kuja mpaka huku. Hiyo shule iko kwenu, Machakos."