Asubuhi Niliyomsukuma Mtu wa Sumo

Tulikuwa wanne siku ile Guangzhou: mimi, wifi yangu Salome, Neema, binti wa Salome, aliyekijua Kichina, na Mama Kulwa, tuliyepanga naye chumba kimoja hotelini. Wote tulifuata nguo na viatu vya kuja kuuza Kahama.

Lakini nianzie nyumbani. Enzi zetu, wasichana tukitumwa kuchunga ndama, tulipigana mieleka kwenye mchanga wa mto uliokauka, mchanga wa moto wa kuchoma nyayo, midomo imejaa ukwaju. Kabula binti Masanja aliniangusha kila siku. Siku moja nikamnyanyua, miguu ikaelea, ndipo mama akatokea, akanishika sikio. "Ndama wako shambani kwa watu, wewe umekuwa fahali?" Nikaburutwa hadi nyumbani. Sikumwangusha Kabula, wala mtu mwingine tena.

Sasa China. Mwaka ule polisi walikuwa wakali. Pale Liuhua, mtaa wa masoko ya jumla, walisimama hadi milangoni, kila Mwafrika anadaiwa pasipoti. Wenzangu walikuwa na zao. Yangu ilikuwa kwa wakala wetu, Juma, anaihangaikia viza. Mimi nina stakabadhi tu. Ukikamatwa hivyo unawekwa ndani, na ukikosa bahati unarudishwa kwenu.

Nyuma ya soko la viatu kulikuwa na ukumbi wa Mzee Tanaka, Mjapani aliyefundisha vijana sumo, mieleka ya kwao. Mashindano makubwa yako kwao Japani, kwa msimu wake. Hapa ni mazoezi ya asubuhi tu, na mgeni anaruhusiwa, mradi akae chini, akunje miguu, afunge mdomo. Neema akatupeleka. Mabonge ya wanaume, nusu uchi, wananukia mafuta ya nywele, wanakanyaga sakafu mpaka kifua chako kinaitikia.

"Hawa wanakula nini?" Mama Kulwa akaninong'oneza.

"Wali. Na wewe nyamaza."

Mwishoni Mzee Tanaka akauliza mgeni gani atamsukuma Kenji, mkubwa kuliko wote. Nikainuka. Neema akatafsiri: mwanamke haingii kwenye duara lao la udongo. Basi mzee akachora jingine kwa chaki, kando, kwenye saruji: Kenji akivuka mstari, ameshindwa. Hapo mlinzi akaingia mbio: polisi wako sokoni, wanakuja huku.

"Wifi, toka na mlango wa nyuma," Salome akasema, viatu mkononi.

"Ngoja kwanza."

"Huna pasipoti, wewe."

"Najua. Nimeshaburutwa mara moja, inatosha."

Nikakaza kanga kiunoni, nikashusha makalio kama wao, nikamwingia Kenji kwa bega. Ilikuwa kama kusukuma lori la pamba. Nilisukuma hadi nikaona nyota. Polisi wawili wameshaingia, nao wakasimama kutazama. Nilipoachia, nikawapa stakabadhi kwa heshima, nikihema. Nilikaa kituoni hadi alasiri, Juma alipoleta pasipoti. Sikujuta.

Wajukuu zangu leo wanapigana mieleka kwa vidole gumba, kwenye simu, wamelala kochini, wakichoka wanazima. Magoti yao laini. Mchanga wa mto wetu umechotwa wote kujengea nyumba, na jasho la mwenzao hawajui linanukaje.

Kuhusu Kenji, mimi nasema kisigino chake kilivuka chaki. Salome, ambaye hakuniacha, anasema kilivuka. Mama Kulwa anasema hakusogea hata unywele. Neema anacheka tu. Aliyekuwepo ukumbini asubuhi ile na anisahihishe. Ila aje tuonane uso kwa uso, na aje amejiandaa kusukumwa.